Geuza Soli Kwanza

3 Februari

Mume mwenzangu,

Nakusalimu mimi kwanza, maana ukisubiriwa wewe hata salamu itaingia dakika za mwisho. Sisi wazima. Mke wetu, yaani bibi yako, mzima kunizidi. Goti langu la kushoto tu ndilo limejitangazia serikali yake. Wewe je? Unakula?

Hongera kwa bao la Jumamosi. Nimeliona kwa macho yangu haya mawili: ulivyomzunguka beki, ulivyomlaza kipa chali. Nilisimama pale uwanjani nikapiga kelele mpaka askari akanikodolea macho.

Haya, uongo. Sikutoka hapa kibandani. Nilikuwa nimesinzia na kiatu cha mwalimu mapajani, fundi cherehani wa jirani akanirushia kitambaa usoni: "Mzee, amka! Dakika Kumi kafunga, redio imesema!" Ndilo jina lako hapa, Dakika Kumi, kwa kuwa unaingizwa zikibaki kumi, watu wakishaanza kutafuta njia ya kutokea. Wateja wananichokoza: "Fundi, mjukuu wako analipwa kwa kukaa?" Nawaambia hata mfalme kazi yake ni kukaa.

Bibi yako anauliza kama hilo benchi lina mto. Mimi nauliza habari za msharasi wangu wa kutobolea ngozi. Ulipokuja mara ya mwisho uliuazima, ukasema ni wa siku moja tu. Sasa mwaka wa tatu. Hiyo siku haijachwa?

Babu yako, fundi viatu


21 Februari

Babu, shikamoo. Na bibi umfikishie yake, usiile njiani.

Mwili wangu hauna neno. Moyo ndio una neno. Mkataba wangu unaisha ligi ikiisha, mwezi wa tano, na kocha amesema ataamua kwa mechi zilizobaki. Nina miaka thelathini na mbili, babu. Kumi na mmoja kati yake nimeimaliza hapa. Mechi mia mbili na sita nimeingia kutoka benchi. Nilizoanza ni nne. Watoto wa mtaani wakinipita wanatazama saa halafu wanacheka. Nikiachwa sasa, timu gani itamchukua mzee aliyezoea kukaa? Natamani nianzishwe mara moja tu, watu waone kwamba mimi si kiraka.

Haya nakwambia wewe tu.

Mjukuu wako


9 Machi

Mume mwenzangu,

Hatujambo, na tunaomba nawe uwe hivyo hivyo mpaka mwisho wa barua hii. Usikasirike kabla hujafika chini.

Kwanza, umenitukania kazi. Kiraka si tusi. Kiatu kikizeeka, kiraka ndicho kinachokifikisha sokoni.

Pili, nimemwandikia kocha wako. Shule niliachia darasa la nne, mimi na mwalimu tulichokana, lakini barua naiweza. Nimemwambia: "Mheshimiwa Kocha, kiatu kikikaa kabatini hakijulikani kama kinabana. Mjukuu wangu umemfungia kabatini miaka kumi na mmoja. Mvae." Bibi yako alinikataza. Nikasubiri aingie kuoga, nikachechemea mpaka posta.

Babu yako, asiyekatazika


4 Aprili

Babu, shikamoo.

Leo sitauliza habari. Kocha aliisoma barua yako chumba cha kuvalia, mbele ya wote. Walicheka mpaka kipa akakaa sakafuni. Kisha akasema, "Haya, Jumapili tunamvaa." Akanianzisha.

Tangu filimbi ya kwanza sikujua nilipo. Nikimwendea beki kushoto, yupo. Kulia, yupo. Nilikuwa kama mgeni anayetafuta mlango wa choo nyumba ya watu, taa zimezimika. Dakika ya hamsini na tano nikatolewa. Aliyeingia badala yangu alishangiliwa kabla hajagusa mpira. Mechi iliyofuata hata benchi sikuwekwa.

Yale nilikwambia wewe, babu. Sikumwambia kocha. Usiniandikie tena habari za mpira.

Mjukuu wako


2 Mei

Mjukuu wangu,

Sisi hatujambo. Nimekaa wiki nne kalamu inanitazama, na bibi yako tangu aliposoma barua yako ananipa chakula bila neno. Nimekosa. Siri ya mtu haibandikwi stempu. Nisamehe.

Umekataa habari za mpira, basi hizi ni za viatu. Kiatu kikija hapa sikishoni, hata mwenyewe awe na haraka ya kwenda kuoa. Nageuza soli kwanza. Kisigino kimeliwa nje, huyu anaegemea nje. Ncha imeliwa, huyu ana haraka, wanaomdai wengi. Nikishajua mtu anavyokanyaga, ndipo nachukua uzi. Wewe uliyajua haya una miaka saba, umekalia kasha langu la misumari. Mtu hajavuka kizingiti, unaninong'oneza: "Babu, huyu mguu wa kulia unamuuma." Na kweli unamuuma, mtundu wewe.

Nimefikiri sana. Hilo benchi lako ni lile kasha. Mabao yako yote uliyafunga baada ya kukaa dakika themanini ukigeuza soli za watu, bila wewe mwenyewe kujua. Mimi na ubishi wangu nikakushonesha kiatu kabla hujakigeuza. Kosa la fundi hilo, uzi usilaumiwe.

Wakikurudisha benchi, mpira uache upite. Tazama visigino.

Babu yako


28 Mei

Babu yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje na serikali yake? Na bibi, ameshakusemesha?

Juzi ilikuwa mechi ya mwisho. Wenzangu wawili waliumwa, ndiyo maana nikapata nafasi benchi. Hatujafunga, hatujafungwa, na tukitoka hivyo tunashuka daraja. Nikauacha mpira upite. Beki wao wa kati, pandikizi la mtu, saa nzima ya kwanza aligeukia miguu yote miwili. Baada ya hapo akawa anageukia kisigino cha kulia tu. Wa kushoto anauburuta kama mlango uliolegea bawaba.

Kocha akanijia. "Unamwonaje yule?"

"Kushoto kwamuuma. Mwenyewe bado anaficha."

Akanitazama. "Hiyo ni ya yule mzee wa barua?"

"Ndiyo yake."

"Vua koti."

Niliingia dakika ya themanini na moja. Mpira wa kwanza nikaupoteza, wakanizomea. Wa pili nikamvuta aje kulia kwake, nikakata kushoto kwake. Alipomaliza kugeuka, mimi nimeshapiga.

Hatukushuka. Mkataba nimepewa, babu, wa miaka miwili, na kocha anataka vijana wa akiba wakae ubavuni mwangu niwafundishe kutazama. Nikampa sharti moja: asithubutu kunianzisha.

Ile barua ya mwezi wa nne niliiandika na hasira, nisamehe. Mwambie bibi benchi halina mto, ila nimelizoea.

Mume mwenzio


11 Juni

Mume mwenzangu,

Sisi wazima, na mke wetu ananisemesha mpaka natamani zile wiki nne zirudi.

Safari hii nimeona kweli. Kinyozi ana televisheni. Tulijazana, bibi yako nyuma yangu, mpaka mteja aliyenyolewa nusu kichwa akasahauliwa na nusu yake. Nilikuona umeinama, unatazama chini, nikamwambia fundi cherehani, "Unaona? Anageuza soli." Na bao nimeliona kwa macho yangu haya mawili.

Haya. Nilikuwa nimeyafumba. Ulipopata ule mpira wa pili nilishindwa, mjukuu wangu. Nilijua umefunga kwa kofi la bibi yako mgongoni.

Siku hizi watu wananiletea viatu vizima niwasomee soli. Mmoja nimemwambia ataoa mwezi huu. Kumbe mkewe alikuwa kasimama nyuma yake.

Bibi yako ameshona mto, ameuweka juu ya lile kasha la misumari, na hataki mtu akae hapo. Mimi sina shida ya kukuona, usijidanganye. Shida yangu ni msharasi. Miaka mitatu natobolea msumari, viatu vya watu vinavuja. Wala usiutume kwa posta, utamchoma tarishi wa watu. Ligi imelala, na wewe huna pa kukaa. Nirudishie, tafadhali, kwa mkono wako.

Babu yako