Godoro la Mama Mkwe

Shoga, mbavu zinaniuma! Shemeji leo katia aibu dukani kwake, mbele yangu.

Unajua tangu ile semina yake ya mauzo hataji tena bei wala vipimo? Eti, "Mteja hanunui godoro, ananunua matokeo." Matokeo!

Basi kaingia mama mmoja, moja kwa moja hadi kwenye lile godoro jembamba, lile ukililalia unahesabu mbao za kitanda. Kasema ni la mama mkwe wake, anakuja kuwatembelea.

Shemeji huyo, kamvuta hadi kwenye godoro nene. "Fumba macho, mama! Mkweo akilala hapa, atasahau njia ya kwao!"

Atasahau njia ya kwao! Tena kasema kifua mbele!

Yule mama kafumbua macho kama kaona nyoka. "Asahau? Mimi nataka aikumbuke mapema!" Kabeba mkoba wake, katoka.

Jioni shemeji analalamika mezani eti wateja hawajui wanachotaka. Na mama yake, aliyekuja "kusalimia" tangu mwaka juzi, anakoroma chumba cha pili.

Dada kaweka kijiko chini, kamuuliza mumewe taratibu: "Lile jembamba bado lipo?"