Kuteremka Yanena

Athene, 11 Februari 1979

Dada Stamatia,

Salamu nyingi, na natumai wewe na mumeo hamjambo. Mimi mzima, isipokuwa barua yako imeniharibia chakula. Eti mama akapasuliwe mtoto wa jicho Yanena! Mji gani huo? Stendi ya mabasi iliyowekewa ziwa pembeni. Mchana kutwa watu wa milimani wanazubaa na vikapu vyao vya jibini, jioni wanarudi kwao wakijiona wametembea dunia. Daktari wa maana afuate nini huko? Mlete Athene.

Au umekaa mjini mpaka umesahau tunavyosema kwetu Kastanori? Baba "aliteremka Yanena". Mjomba Thimios naye "aliteremka Yanena". Walipelekwa hospitali huko wakarudi ndani ya sanduku, na tangu hapo hakuna kijijini anayetamka neno kufa. Sitaki mama ateremke.

Na habari za mimi kuja Pasaka, usinisumbue. Nina kazi.

Mdogo wako,
Lambros

Yanena, 2 Machi

Mdogo wangu Lambros,

Sisi wazima, na shemeji yako anakusalimu ingawa hata jina lake hukulitaja. Nimekusoma mpaka mwisho nikacheka. Wewe uliyepanga chumba kimoja nyuma ya gereji ndiye wa kuidharau Yanena? Hiyo stendi unayoitukana ndiyo inayobeba milima yote. Asubuhi inashusha mwenye kesi, mwenye jino, mwenye mwana chuoni, bi harusi anayetafuta viatu, na jioni wote wanapanda kwao. Shule ya Kastanori imefungwa, muuguzi kahamia hapa, hata mwoka mikate yuko hapa. Siku hizi kuteremka ni kuteremka tu. Hayo yako ya sanduku ni ya enzi za kusafiri kwa nyumbu.

Mama hataki Athene. Kasema, "Huko si nitapotea? Yanena hata nikiwa kipofu nitakutana na mtu wa kwetu." Jicho moja limeshazimika, la pili linamwonyesha ukungu. Anataka kitu kimoja tu, akuone uso kabla hajapasuliwa, maana lolote laweza kutokea. Miaka sita, Lambros. Hata aibu huna.

Dada yako,
Stamatia

Yanena, 26 Machi

Lambros,

Hujambo? Naandika nimesimama, dereva wa basi la Athene ananisubiri. Mama ameteremka Yanena jana. Alikuwa mtulivu, akakutaja mara nyingi. Njoo.

Dada yako

Athene, 30 Machi

Dada,

Sijui nikusalimu vipi. Poleni, na mimi nijipe pole. Nimelia kazini mbele za watu.

Najua mmeshamzika. Shada la maua nimelipakia kwenye basi. Lina utepe wenye jina langu, liwekwe mbele, lisifichwe nyuma ya vijimaua vya kijijini. Mwenyewe siji. Ningekuja kwa ajili yake, na sasa hayupo. Kuzungukwa na mashangazi wenye nguo nyeusi wanaonikagua viatu, hapana, sina ubavu huo. Tena nikwambie ukweli, alikuwa mwanamke mkaidi, akachagua kile kijimji chenu badala yangu. Haya, mmeshinda, wewe na Yanena yako.

Lambros

Yanena, 17 Aprili

Mwanangu Lambros,

U hali gani? Mimi jicho halijambo. Kanipasua daktari kijana, mtoto wa kijiji cha ng'ambo ya mto wetu. Wodi nzima ni watu wa milimani, kila kitanda kina mtu ambaye namjua mama yake. Nililala hapo nimefungwa bandeji, nikapiga soga kuliko nilivyopiga mwaka mzima kijijini.

Shada lako lilifika bado nimefungwa. Wenzangu walinusa maua wakauliza nani kafa. Nikawaambia hakuna, ni mwanangu, watu wa Athene ndivyo wanavyotuma maua. Nikajisifu. Barua yako iliyokuja nalo, Stamatia akaniambia haina lolote.

Juzi bandeji ilitolewa, nikapewa miwani mizito. Nikamwambia dada yako anipe hiyo barua. Akakataa, nikamnyang'anya. Ndicho kitu cha kwanza nilichosoma.

Mkaidi ni kweli. Kuhusu viatu vyako, hakuna anayevikumbuka.

Utepe nimefungia kikapu changu, jina lako linasomeka vizuri. Kesho napanda nyumbani kwa basi la mchana. Kuja Pasaka usijisumbue, mwanangu. Nilitaka kukuona, na nimekuona.

Mama yako,
Evanthia