Wananiita Kapteni, na Anayecheza ni Binti Yangu

Shikamoo Bi Fawziya. Nisaidie kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, maana ikipita hiyo hata ushauri wako hautanifaa. Nina furaha na nina aibu, sijui nianze na ipi, basi nianze na furaha. Timu yetu ya Sharqiyah, huku mashariki ya Oman, imechukua kombe la magemu ya mtandaoni, tumewapiga Nizwa ambao miaka miwili hawakupigwa na mtu, na kapteni anayetajwa kutoka Sur mpaka Bidbid ni mimi Huwaida, mama wa miaka arobaini na sita, karani wa kituo cha afya hapa Ibra. Aibu ni kwamba mimi sijui kucheza, wala ile rimoti ya gemu sijaishika hata siku moja.

Anayecheza ni binti yangu Yaqeen. Ana miaka kumi na saba na hasikii tangu kuzaliwa. Mwaka jana, 2008, alimaliza skuli ya viziwi Maskati, wenzake wakatawanyika kila mmoja kwao, akarudi nyumbani akawa hana wa kusema naye ila mimi, nami alama za mikono ninazozijua ni za jikoni na za kwenda na kurudi tu. Baba yake, Nasr, akamnunulia Xbox kwa sababu ndiyo waliyonayo vijana wote wa ukoo wetu, tukamwandikisha kwa anwani ya shemeji yangu aliyeko Uingereza. Mashine hiyo, kama huijui, ina ada ya kila mwaka, lakini ukishalipa unawaona rafiki zako wote, nani yupo na anacheza nini, unamwita mara moja anakuja, na watu wanane mnaweza kuzungumza kama mmekaa baraza moja hata kama kila mtu yumo katika gemu lake. Neno lenyewe ni hilo, kuzungumza. Kutuma maandishi kunawezekana pia, lakini vijana wetu hawana subira nayo, wote ni midomo na masikio, na katika gemu lao hilo, wanne kwa wanne wanagombania bendera, asiyejibu huonekana jeuri. Yaqeen alikuwa akicheza vizuri kuliko wote halafu wanamtoa, akiingia wanamtoa, kisha ananigeukia ananiuliza amekosa nini.

Basi Alhamisi moja baada ya alasiri nikaivaa mimi hedifoni niwaambie huyu hasikii, mstahamilieni. Aliyepokea ni Hood, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi benki huko Sur. Kusikia sauti ya khala wake, yaani dada wa mama yake, akacheka kwa furaha akasema, "Khala, kumbe ni wewe siku zote!" Kwa kuwa alijua Yaqeen hasikii, haikumpitikia kabisa kuwa ndiye anayecheza. Bi Fawziya, nilifungua mdomo niseme kweli, na maneno yaliyotoka yakawa mengine. Nilisema, "Ndiyo mimi, haya tucheze."

Toka siku hiyo tukawa wawili mtu mmoja. Mimi nasikia hatua za adui, nampiga Yaqeen bega la kushoto au la kulia. Yeye mikono imeshughulika hawezi kutoa alama, basi anainua kidevu, anakunja nyusi, ananigonga goti, nami nayageuza maneno: Yazeed rudi nyuma, Hood ngoja, Thabit bendera iko wazi. Yazeed ni fundi wa kiwanda cha gesi Sur, na Thabit ni kijana wa Ibra anayeuza matairi Bidbid. Kufika Ramadhani walikuwa hawaingii uwanjani bila ya mimi, na wakanipa ukapteni.

Fainali ilikuwa Ijumaa ya pili baada ya Idi kubwa. Nizwa walitangulia bendera tatu kwa moja, Hood akaanza kulalamika, na Thabit naye. Yaqeen akaweka rimoti chini kwenye mapumziko, akanieleza kwa mikono, nikamwelewa taratibu, kwamba kapteni wao, Nadhir, kila akitaka kuvamia hutazama mlango wa juu kwanza. Nikawaambia vijana wauache mlango ule kana kwamba wameusahau. Nadhir akaingia, na Yaqeen alikuwa akimngojea. Tukasawazisha, kisha ya mwisho akaibeba yeye mwenyewe peke yake kutoka upande wao mpaka kwetu, nami sikumpiga bega hata mara moja. Nne kwa tatu. Nilimkumbatia mpaka akalia, nami nikalia, na kwenye hedifoni wanaume wazima wanapiga takbiri.

Kisha likaja andiko kwenye kioo, limetoka kwa Hood, na Yaqeen anasoma vizuri sana: "Hongera khala Huwaida, kapteni bora wa mashariki yote." Akalisoma mara mbili. Akanitazama, akaniuliza kwa alama ndogo kabisa, "Na mimi nilikuwa wapi?" Muda wote huo, kila nilipomfikishia sifa, alidhani wanamsifu yeye.

Sasa Ijumaa ya mwisho wa mwezi Thabit amekodi ukumbi Bidbid, maana njia ya Nizwa na njia ya kwetu zinakutana hapo, wanakuja wote, na wanataka kapteni acheze mbele za watu. Na jingine. Yaqeen ameomba tuhamie PlayStation. Rafiki zake wanne wa skuli wanayo, Lujain wa Nizwa na wenziwe, kwa kuwa kucheza mtandaoni huko hakuna ada, unachomeka kibodi unaandika, na ukiweka kamera mnaonana mpaka watu sita kwa pamoja, ilhali kwenye yetu kamera ni ya wawili wawili. Baba yake amekubali, mimi ndiye ninayezuia. Nimemwambia kule watu wengi hawana maiki, kuitana ni kugumu, kila gemu lina mlango wake, na mkiwa katika magemu mbalimbali hamwezi kuzungumza. Yote hayo ni kweli, nimeyauliza, lakini hata moja si sababu yangu. Sababu yangu ni kuwa kule hanihitaji. Mimi niliyekuja Oman mtoto kutoka Tabora, nikakua mtu wa nyuma, kwa mara ya kwanza wanaume wananisikiliza. Niambie, mshauri, mashine ipi bora, na Ijumaa niende na uso gani?

Huwaida, Ibra

*

Marahaba, Huwaida.

Pole kwanza, kisha nikukaripie. Barua yako imefika Jumamosi, nimekujibu kwa simu Jumapili, na haya ndiyo niliyokwambia, nayachapa kwa ruhusa yako ili wazazi wengine wafaidike.

Umeniuliza mashine ipi bora, nikamuuliza mpwa wangu anayezijua zote mbili. Kasema anayetaka kukutana na watu na kuzungumza nao, ile ya kulipa imepangika zaidi. Anayetaka kuandika na kuonana uso kwa uso na rafiki zake, hiyo ya pili inamtosha, wala hatoi ada. Hapo mtoto kiziwi anahitaji fatwa gani? Bibi, jibu ulilijua kabla hujanunua stempu.

Sikulaumu kwa siku ile ya kwanza. Ulikuwa unamfungulia mwanao mlango, na mtu akikimbia kufungua mlango huweza kujikwaa. Nakulaumu kwa siku zilizofuata. Kila sifa ilipopita mkononi mwako ulikuwa na nafasi ya kusema ya nani, na hukusema. Vijana wale walimtoa kwa sababu hawakumjua. Wewe ulimjua, na bado ukamficha nyuma ya sauti yako. Hilo ndilo lililomuuma, kombe halimo.

Na usijifanye kuwa hukufanya kitu. Ulisikia hatua, ulisoma nyusi, ulituliza wanaume waliokata tamaa. Kazi hiyo ina heshima yake, ichukue hiyo na uache isiyo yako. Ama kutaka kusikilizwa, si dhambi. Sema kazini kwako, sema kwa mumeo, niandikie mimi. Lakini usikilizwe kwa maneno yako.

Sasa sikiliza. Kwanza Yaqeen, leo, kabla hujampigia mtu mwingine. Kaa chini umtake radhi kwa mikono yako, na alama zikikwisha andika, usimtume baba yake akusemee. Pili, mpigie Hood umweleze yote kabla ya Ijumaa, asije akafedheheka mbele za watu kwa kosa lako. Tatu, kama Yaqeen atataka kwenda Bidbid, nenda naye. Asipotaka, nenda peke yako ukaseme kweli. Nne, PlayStation inunuliwe, na chumba atakachochezea usiingie mpaka uitwe. Tano, tafuta mwalimu wa lugha ya alama. Miaka kumi na saba na mtoto, na bado uko kwenye alama za jikoni? Hapo sina huruma nawe.

Bi Fawziya

*

Bi Fawziya, shikamoo tena. Nimefanya ulivyoniambia.

Yaqeen hakunisamehe siku ile. Alitoka nje akakaa kwenye gari ya baba yake saa nzima. Aliporudi aliniambia atakwenda Bidbid, lakini mimi nisimguse bega. Hood nilipomweleza aliniuliza, "Khala, sisi tulimtoa mara ngapi?" Nikamwambia sikuhesabu. Akasema yeye atakumbuka.

Ukumbini walikuwa watu kama sitini. Hood akasimama akawaeleza mwenyewe, hakuniachia mimi. Kukawa na minong'ono, na Nadhir wa Nizwa, kijana mwenye adabu lakini mwenye kujiamini, akasema hakuna ubaya, ila angependa kuona. Wakaweka mashine mbili na runinga mbili, wawili kwa wawili. Yaqeen akamchagua Yazeed, ambaye ndiye mkimya wao, akamchorea mpango kwenye karatasi. Mimi nilikaa safu ya tatu, mikono mapajani. Nadhir alibadilisha njia zake zote, hakuutazama tena ule mlango wa juu, na Yaqeen akamsoma upya palepale, nikayaona macho yake yanavyokwenda. Bendera ya kwanza yao. Ya pili yetu, ya tatu yetu, na ya nne, ya kumaliza, Yaqeen aliichukua huku Nadhir akiwa amesimama karibu nayo, hakumwona akija. Nadhir akaweka rimoti chini, akaenda mpaka mbele yake, akaweka mkono kifuani akainama. Ukumbi mzima ukasimama.

Thabit akaleta maiki kwa mazoea, akanipa mimi. Nikaipeleka kwa Yaqeen nikamuuliza anataka nini. Akaniashiria niishike mimi, niseme atakayoyasema yeye, hayo tu. Kisha akawageukia watu, akainua mikono, akasema polepole ili nisikosee, nami nikayatoa kama yalivyo:

"Mimi ni Yaqeen binti Nasr, wa Ibra. Kapteni ni mimi. Mwezi ujao nahamia PlayStation na rafiki zangu wanne, wote viziwi, na tunataka timu ya kucheza nayo. Atakayekuja, aje na kibodi."

Nadhir ndiye aliyeinua mkono wa kwanza.