Nyumba ya Zawadi Imehesabiwa!

Black Rock, Buffalo

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe! Huku upepo wa ziwa unarusha theluji upande upande, lakini nyumbani kwa dada Zawadi nimevua hata soksi. Kuta za jengo lao jipya ni nene, joto halitoki.

Leo alikuja mkaguzi wa cheti cha majengo yanayotunza mazingira. Unajua wenye mradi walisema jengo la pili, lile ulilojiandikisha kuishi, litajengwa tu hili la kwanza likipata cheti. Bon, sharti mojawapo ni liwe na nyumba za bei nafuu. Mkaguzi akasita. "Hizi ni nyumba za serikali ya mji," akasema. "Sina hakika kama zinaingia kwenye hesabu ya nyumba za bei nafuu."

Zawadi aliacha kukoroga sufuria, akasimama na mwiko mkononi. Mkaguzi akaenda dirishani kumpigia mkubwa wake simu. Mimi niliomba kimoyomoyo huku sombe, majani yetu ya muhogo, ikichemka jikoni.

Akarudi anacheka. "Zinaingia! Kodi inafuata kipato cha mpangaji, na mji umeahidi kwa maandishi kwamba itabaki hivyo. Basi ni nafuu."

Mama, Zawadi alipiga vigelegele mpaka jirani akafungua mlango kuuliza nani anaolewa! Tukamketisha mkaguzi, akala sombe na bugali, akaomba tena.

Sasa cheti kimekaribia, na jengo lako pia; vumilia kidogo na dirisha hilo la nyumba yako ya huko Newburg linaloingiza baridi kifuani mwako. Utazeeka mahali pa joto, karibu nasi binti zako. Mungu akufunike hadi siku hiyo.

Wako,
Espérance