Mama Alipoulizwa Kortini

Rumande, Kisii
3 Februari 2025

Mama mpendwa,

Habari za Nyacheki? Mguu umepata nafuu? Naandika Kiswahili kwa sababu askari husoma barua zetu, na huyu wa sasa hajui Ekegusii.

Wakili anasema nimebakiwa na tumaini moja. Siku ile tukipogoa chai wawili tu, anasema, lazima nilianguka, rafiki yangu Nyasani akanishika nisijiumize, na panga lilikuwa mkononi mwangu. Nilipopata fahamu, Nyasani alikuwa amekufa. Sheria inasema mwili ukitenda akili haipo, mtu hana hatia. Lakini daktari amenipima, hakuona kifafa. Anatakiwa mtu aliyewahi kuniona nikianguka utotoni. Ni wewe tu, Mama. Majirani uliwaambia ni malaria, na mdogo wangu Purity hakuwa amezaliwa.

Njoo useme, tafadhali.

Mwanao,
Onyiego

Nyacheki
16 Februari 2025

Mwanangu Onyiego,

Sisi tupo, mguu ni ule ule. Unakula lakini?

Nitakuja. Purity ameposwa na watu wa Kebirigo, na unajua nyumba ikisemwa ina kifafa wakwe hurudi kwao. Potelea mbali. Hutafungwa kwa sababu ya aibu yangu. Siku ile hukuwa wewe, mwanangu, hilo nalijua kabisa. Lala usingizi.

Mama yako,
Mong'ina

Nyacheki
2 Aprili 2025

Mwanangu,

Hata kukusalimu naona haya.

Wakili aliponiuliza kama uliwahi kuanguka, niliwaona nyuma wazee wawili wa Kebirigo, wakwe wa Purity, wamekuja kusikiliza. Nikasema, "Huyu hajawahi kuugua hata siku moja." Nilikuwa na akili zangu timamu, Onyiego. Nilijua ninachosema. Mahari imeletwa na mimi sili wala silali. Nijibu, hata kama ni kwa matusi.

Mama yako,
Mong'ina

Gerezani
20 Juni 2025

Mama,

Mimi mzima, nawe uuguze huo mguu.

Jana jaji alinipa miaka thelathini. Nilikuchukia sana, sasa nimechoka. Purity aolewe salama.

Kinachoniua ni kingine. Siku ile sikumbuki chochote. Hata kuanguka kwangu utotoni ni wewe uliyenisimulia. Ulipoapa mbele ya jaji ukasema sikuwahi kuugua, nami nikaanza kujiuliza: labda huo ndio ukweli, na barua zako zilikuwa za kunibembeleza. Labda Nyasani nilimuua nikijua.

Niandikie uniambie. Hapana, Mama, usiandike. Sitajua niamini lipi.

Mwanao,
Onyiego