Vioo vya Jengo la Jimbo

Mwenzangu, acha unachofanya unisome. Nimeumbuka leo.

Si unajua nilikuwa na usaili wa ile kazi ya kutembeza wageni kwenye jengo jipya la serikali ya jimbo? Nimefika mapema. Ukuta wote wa mbele ni vioo, ukivitazama unajiona mwenyewe tu. Nikasema hapa hapa nijiweke sawa.

Nikachokonoa meno. Nikavuta sketi, nikavuta na kilicho chini ya sketi. Halafu nikaanza kujisaili kwa sauti, mikono juu kama mhubiri.

Naitwa ndani. Watu watatu mezani, hakuna anayenitazama usoni. Mwenyekiti ananiuliza, "Kwa nini jengo hili limejengwa kwa vioo?"

Hilo nimelikariri. "Ni uwazi, mheshimiwa. Mwananchi aione serikali yake ikifanya kazi."

Mama mmoja pale mezani akakohoa kuficha kicheko, akanionyesha kwa kidevu nyuma yangu. Nikageuka.

Kioo kile kile. Kwa ndani unaona nje kote, hadi pale niliposimama. Pale pale, unanielewa?

Mdomo ukaniponza: "Kumbe nyie ndio mnatuona sisi."

Mwenyekiti akafunika kalamu yake. "Kasubiri hapo kwenye korido."

Nasubiri nini, sijui. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Korido nayo iko upande wa vioo.

Sasa hivi kuna dada yuko nje na bahasha yake ya vyeti, anarekebisha sidiria. Nampungia mkono. Nagonga kioo.

Anajitabasamia tu.