Maana ya Pili Niliyokuficha

Majengo, Mombasa
Jumapili, baada ya ibada

Mama Mghoi, mke wangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha mtoto wetu. Mghoi amepona kile kikohozi? Na mguu wako ulioteguka shambani, unaukanyagia vizuri sasa? Mimi ni mzima. Joto la huku limenitoa vipele shingoni, lakini kazi dukani naendelea nayo, kukunja leso na kushusha marobota.

Leo sina habari za mji. Kuna jambo nimekukosea, na nisipolisema moyo hautatulia.

Uliniandikia kwamba Mwalimu Elija wa darasa la watu wazima alisoma insha yako, akaandika chini yake kwa wino mwekundu: Your words resonate with me. Ulisema umeona haya kumuuliza, basi mimi niliye mjini nikutafutie maana ya hilo neno resonate. Barua hiyo nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimeketi. Mwalimu gani huyo anayeandika mafumbo kwenye daftari la mke wa mtu?

Nikaenda nayo kazini, Biashara Street. Bi Zuhura, mama wa Mji wa Kale aliyewahi kuwa mwalimu, ni mteja wetu wa miaka mingi. Alipokuja kuchagua leso nikamwonyesha. Akavaa miwani.

"Neno hili lina maana mbili, mwanangu," akasema. "Ya kwanza ni ya sauti. Chukua mtungi mtupu, useme neno mdomoni mwake. Wasikia unavyovuma? Ndiyo hiyo."

"Na ya pili?"

"Ya pili ni ya moyo. Maneno ya mtu yakuingie, yakae ndani yakivuma, hata mwenyewe akiwa amenyamaza. Huyu asema maneno ya mwenziwe yamemgusa." Akanitazama juu ya miwani. "Ameandikiwa nani?"

"Mke wangu."

"Basi una mke mwenye akili," akasema, akaendelea na leso zake.

Mama Mghoi, wivu ulinishika. Siku nzima nikawa nawapa wateja leso wasizozitaka. Miaka sita nimekuoa, sijawahi kukwambia neno moja la namna hiyo. Mwalimu wako kasoma insha moja tu, na neno amelipata.

Kesho yake nikamfuata binamu yangu Mwakio kituo cha mabasi cha Mwembe Tayari, alipokuwa anapanda basi kuja huko. Nikamtuma: "Mwambie mke wangu neno lile maana yake ni kuvuma kama mtungi mtupu. Mwalimu anamcheka."

Hiyo ndiyo maana uliyoletewa. Nilikupa ya kwanza, ya pili nikaificha kwa makusudi.

Mwakio aliporudi Alhamisi nikamuuliza umeipokeaje. "Shemeji alilichukua daftari," akasema. "Kisha akalifungia sandukuni. Darasani haendi tena."

Nilifurahi, sikufichi. Hata chakula kilinipita vizuri. Lakini jana Bi Zuhura akaja tena dukani.

"Mkeo ulimweleza maana?"

"Nilimweleza."

"Alifurahi?"

Nikamkunjia leso yake vibaya. Akaichukua mkononi mwangu, akaikunja upya mwenyewe, akaondoka bila kuniaga.

Basi sikia kutoka kwangu: mwalimu alikusudia ile maana ya pili. Uliandika kitu kizuri, akakisifu, nami kwa wivu wangu nikakigeuza kuwa tusi. Nisamehe, mke wangu. Litoe daftari sandukuni. Na tafadhali ninakilie hiyo insha, kwa sababu mpaka leo sijui uliandika kuhusu nini. Mtu mwingine ameyasoma ya moyoni mwako kabla yangu, na hapo ndipo panaponiuma zaidi.

Nisalimie mama, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Nisalimie dada yangu mkubwa, na baba mdogo anayetuangalizia ng'ombe.

Kesho urudi darasani, au siku yoyote barua hii itakapokufikia. Mwalimu Elija akiuliza ulikuwa wapi siku zote hizi, usimtungie sababu. Mwambie mume wako alishikwa na wivu. Bado umenishika. Lakini nenda.

Mumeo,
Baba Mghoi